Vumbi, Zebaki na Daftari: Historia ya Hatari ya Saratani Kazini Kando ya Ziwa Victoria, Ikitazamwa kutoka Bujora

1.0 Utangulizi

Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, katika eneo la Kisesa wilayani Magu, yapata kilomita 20 mashariki mwa jiji la Mwanza, yana sehemu inayohusu kazi ya mhunzi. Hapo mgeni huelezwa habari za Balongo, wafua chuma ambao majembe yao yalilimia mashamba ya Usukuma kabla ya jembe la kiwandani kuenea. Makumbusho hayo yalianzishwa katikati ya karne ya 20 kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wenyeji. Yalikusudiwa kuwafanya watu wasisahau kazi walizofanya wazee wao na namna walivyozifanya, na katika hilo yamefaulu kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, zana haiwezi kuhifadhi habari za mwili wa aliyeitumia. Mvukuto hausemi mhunzi alipumua nini mbele ya moto kwa miaka mingapi, wala alikufa kwa maradhi gani.

Insha hii inaanzia kwenye pengo hilo, ila haiwahusu wahunzi wa kale. Inawahusu warithi wao katika kazi ya moto, moshi na mawe: wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa. Machimbo yao makubwa yapo Geita, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza mpaka Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Swali linaloulizwa ni hili: kwa nini hatari ya saratani na maradhi mengine ya muda mrefu yatokanayo na sumu za kazini imethibitishwa na kutungiwa sheria kwa baadhi ya wafanyakazi duniani, ilhali kwa wachimbaji hawa imebaki kuwa dhana?

Jibu la kawaida ni kwamba sayansi haijafika. Insha hii inajenga hoja tofauti. Sayansi kuhusu vumbi la mawe imekwisha kufika tangu mwaka 1997, na vipimo vya vumbi hilo katika machimbo ya Tanzania vipo. Kinachokosekana ni daftari: orodha ya majina, kazi na miaka, inayoweza kuunganishwa na orodha ya wagonjwa na ya vifo. Ili kuonesha nguvu ya daftari, insha inaanza na kundi la wafanyakazi ambalo historia yake ni ya karibuni na iko wazi, yaani askari wa zimamoto. Kisha inarejea ukanda wa ziwa kueleza jinsi uchimbaji ulivyotoka kwenye mgodi wenye orodha na kuingia kwenye duara lisilo na orodha, na mwisho inarudi Kisesa, mahali ambapo daftari la aina hiyo lilikwisha kuandikwa kwa sababu nyingine kabisa.

2.0 Askari wa Zimamoto na Ujenzi wa Ushahidi

Mwezi Oktoba 2007 wataalamu walioitwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao mjini Lyon, Ufaransa, waliijadili kazi ya zimamoto. Walikubaliana kwamba moshi wa majengo yanayoungua una kemikali nyingi ambazo kila moja peke yake inajulikana kusababisha saratani, zikiwamo benzini na asbesto. Hata hivyo, kazi yenyewe waliiweka katika Kundi la 2B, maana yake kwamba huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Juni 2022 kikao kingine cha shirika hilohilo, chenye wanasayansi 25 kutoka nchi 8, kiliipandisha kazi hiyo hadi Kundi la 1, kundi la mambo yaliyothibitishwa kusababisha saratani. Ushahidi wa kutosha ulipatikana kwa saratani mbili: mesotelioma, ambayo hushambulia utando unaofunika mapafu, na saratani ya kibofu cha mkojo.

Msingi wa badiliko hilo unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika miaka 15 iliyopita kati ya vikao hivyo viwili, tafiti kubwa za ufuatiliaji zilikamilika. Nchini Marekani watafiti walichukua orodha za utumishi za vikosi vya San Francisco, Chicago na Philadelphia, wakapata majina ya askari karibu 30,000 walioajiriwa tangu mwaka 1950, kisha wakalinganisha majina hayo na rejista za saratani na za vifo hadi mwaka 2009. Mesotelioma ilionekana kuwapata askari hao takribani mara mbili ya watu wengine. Katika nchi tano za Ulaya ya Kaskazini njia ilikuwa nyingine. Huko kazi ambayo kila mtu aliitaja wakati wa sensa iliunganishwa na rejista ya taifa ya saratani, na zaidi ya askari 16,000 wakafuatiliwa bila hata mmoja wao kuhitaji kuulizwa upya.

Hakuna daktari mmoja, hata awe hodari kiasi gani, ambaye angeweza kuliona jambo hilo chumbani kwake. Mesotelioma ni ugonjwa adimu, na huweza kujitokeza miaka 30 au zaidi baada ya mtu kuvuta nyuzi za asbesto, wakati ambapo askari amekwisha kustaafu na pengine amehamia mji mwingine. Ongezeko la mara mbili la ugonjwa adimu huonekana tu pale ambapo majina maelfu yamepangwa pamoja. Kwa hiyo karani aliyeandika tarehe ya kuajiriwa na ya kustaafu, bila kufikiria saratani hata kidogo, alikuwa akiandaa ushahidi uliokuja kusomwa nusu karne baadaye.

Sheria nazo zilifuata orodha hizo. Mwaka 2002 jimbo la Manitoba nchini Kanada lilitunga sheria inayochukulia kwamba aina fulani za saratani zikimpata askari wa zimamoto aliyetumikia miaka kadhaa, chanzo chake ni kazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha ukahama kutoka kwa mgonjwa. Sheria ya namna hiyo haiwezekani bila kujua nani alitumikia na kwa muda gani. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, lililoundwa chini ya Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, ana sharti hilo la kwanza mkononi: jina lake limo katika utumishi wa serikali na tarehe zake zinajulikana. Mchimbaji mdogo hana.

3.0 Kutoka Mgodi Wenye Orodha hadi Duara Lisilo na Orodha

Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na wazungu tangu wakati wa utawala wa Wajerumani. Uchimbaji mkubwa wa kampuni ulishika kasi katika miaka ya 1930 chini ya utawala wa Waingereza, na mgodi wa Geita ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu Afrika Mashariki kabla ya kufungwa mwaka 1966. Mgodi wa kampuni, pamoja na mabaya yote ya kazi za kikoloni, ulikuwa na sifa moja inayohusu hoja hii: haukuweza kulipa mshahara bila kuandika jina. Mtu aliyeshuka shimoni alikuwa na namba. Orodha hiyo haikutungwa kwa ajili ya afya yake, na faida yake kwake ilikoma siku ya malipo ya mwisho, lakini kimsingi ilikuwa ya aina ileile iliyokuja kuwasaidia askari wa Chicago.

Baada ya mwaka 1966 kazi haikuisha, ila ilibadilika umbo. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 ilifungua njia ya Watanzania kuchimba kwa leseni katika maeneo yaliyotengwa. Kulegezwa kwa masharti ya uchumi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na hatua ya serikali kununua dhahabu kupitia benki kwa bei iliyokaribia ya soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulivuta watu kwa wingi kwenda machimboni. Makambi kama Rwamagaza, kusini-magharibi mwa mji wa Geita, yalikua na kuwa miji midogo.

Mpangilio wa kazi katika makambi hayo ndio kiini cha tatizo. Duara, yaani shimo la uchimbaji, lina mwenye leseni, mwenye eneo, mfadhili anayetoa chakula na mafuta ya dizeli, na kundi la wachimbaji wanaogawana mawe badala ya kulipwa mshahara. Mawe hupelekwa kwenye karasha, mashine ya kusaga, ambayo ina mwenyewe mwingine. Unga wa mawe huoshwa mwaloni na watu wengine tena, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, huuzwa kwa wanaotaka kuuosha upya. Mtu mmoja anaweza kushika kazi nne katika msimu mmoja, kisha akarudi kijijini kulima pamba au mahindi mvua zinapoanza. Katika mnyororo huo wote kila mtu ni mshirika wa mwenzake katika mgawo, na hakuna hata mmoja ambaye ni mwajiri kwa maana inayoeleweka katika sheria ya kazi. Pasipo mwajiri, hapana orodha ya mishahara.

Mgodi mpya wa kisasa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, tofauti hiyo ilionekana wazi zaidi. Ndani ya uzio palikuwa na wafanyakazi wenye mikataba, vitambulisho na vipimo vya afya. Nje ya uzio, juu ya miamba ya ukanda uleule, palikuwa na maelfu ya watu wasioandikwa popote.

4.0 Sumu Zenyewe

Ni lazima kutenganisha sumu ambazo mara nyingi huchanganywa. Sumu iliyopata sifa zaidi katika machimbo ya Kanda ya Ziwa ni zebaki. Mchimbaji huchanganya zebaki na unga wa mawe ulio mzito, dhahabu ikanaswa, kisha donge linalopatikana huchomwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ikageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na dhahabu ikabaki. Kazi hiyo hufanyika uani, jikoni, na mara nyingine ndani ya duka la mnunuzi, karibu na watoto.

Mvuke huo uliwaleta watafiti mapema. Katika miaka ya 1990 daktari Masazumi Harada, Mjapani aliyejulikana kwa kuwapigania wagonjwa wa Minamata, alishiriki katika kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Ilidhihirika kwamba baadhi ya viwango vya juu sana havikutoka machimboni wala kwenye samaki bali kwenye sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Hilo ni fundisho la kimbinu: kipimo cha mwili bila historia ya maisha ya mtu huweza kumpotosha mtafiti. Baadaye, chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, uchunguzi wa afya ulifanyika Rwamagaza, ukaonesha kwamba wachomaji wa madonge ndio wenye zebaki nyingi zaidi mwilini, pamoja na dalili za kutetemeka na kukosa uwiano wa mwili.

Hata hivyo, zebaki ya metali haimo katika orodha ya visababishi vya saratani. Shirika la Lyon limeiweka katika Kundi la 3, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuamua, na methili-zebaki, ile inayojikusanya katika samaki, imo katika Kundi la 2B. Zebaki huharibu neva, figo na mtoto aliye tumboni, na hayo yanatosha kuipiga vita. Ila anayetafuta saratani machimboni anapaswa kuelekeza macho kwenye kitu kilichozoeleka mno kiasi cha kutotajwa, nacho ni vumbi.

Jiwe lenye dhahabu katika ukanda huu kwa kawaida ni kwatsi, na kwatsi ni silika. Silika iliyosagwa ikavutwa mapafuni huleta silikosisi, yaani makovu ya mapafu yasiyopona, humweka mtu katika hatari kubwa ya kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 imo katika Kundi la 1 kama kisababishi cha saratani ya mapafu. Mwaka 2015 vilichapishwa vipimo vya hewa vilivyochukuliwa katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania. Kwa wanaotoboa miamba chini ya ardhi, wastani wa silika ulikuwa zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Kwa wanaofanya kazi juu ya ardhi ulikuwa karibu mara nne. Moshi wa dizeli unaotoka kwenye injini za pampu na makarasha nao uliingizwa katika Kundi la 1 mwaka 2012.

Kwa hiyo hali ya kisayansi ni hii. Kwa askari wa zimamoto, dunia ilijua kemikali zilizomo katika moshi muda mrefu kabla ya kuthibitisha kazi yenyewe, na daftari ndilo lililomaliza ubishi. Kwa mchimbaji wa Geita, kisababishi kimethibitishwa na hewa yake imepimwa. Kilichobaki gizani ni watu wangapi wameugua, nani, na baada ya miaka mingapi.

5.0 Jinsi Hospitali Inavyosoma Ugonjwa

Mgonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa ambaye amebahatika kufika hospitali ya rufaa hufika Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama jiji la Mwanza. Kwa miaka mingi, aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Idadi ya waliokomea njiani, au waliorudi nyumbani mara baada ya kusikia gharama, haiwezi kuonekana katika kumbukumbu za hospitali yoyote.

Zaidi ya umbali, kuna suala la usomaji. Daktari husoma ugonjwa kwa kufuata kile ambacho eneo lake limemzoesha kukiona. Saratani ya kibofu cha mkojo ni mfano mzuri, kwa sababu ndiyo mojawapo ya saratani mbili zilizoipandisha kazi ya zimamoto hadi Kundi la 1. Kando ya Ziwa Victoria saratani hiyo ina historia nyingine. Kichocho cha mkojo kimekuwepo Usukuma kwa vizazi vingi, na tangu mwaka 1994 minyoo yake imo katika Kundi la 1. Uchunguzi wa wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta mayai ya kichocho katika karibu asilimia 45 ya sampuli, na zaidi ya nusu ya saratani zilikuwa za seli bapa, aina inayohusishwa sana na kichocho.

Matokeo hayo ni ya thamani na hayana sababu ya kubishaniwa. Lakini yanaacha zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao mayai hayakuonekana kwao. Kwa kundi hilo, swali la kazi lina haki ya kuulizwa: mgonjwa huyu aliwahi kufanya kazi ya rangi, ya ngozi, ya moshi, ya kemikali? Pale ambapo sababu moja inajulikana mno, sababu nyingine hukosa mtu wa kuiuliza.

Kwa mapafu hali ni nzito zaidi. Mchimbaji anayekohoa, anayekonda na kuishiwa pumzi huonekana kuwa na kifua kikuu, na mara nyingi kweli anacho, kwa kuwa silika humfungulia kifua kikuu mlango. Hupewa dawa na baadhi hupona. Asiyepona huandikwa kuwa na kifua kikuu sugu, au hurudi kijijini akafia huko. Silikosisi iliyomtangulia kifua kikuu, na saratani ambayo huenda ilikifuata, havipati mstari wa kuandikiwa. Neno linaloandikwa mbele ya kipengele cha kazi katika faili la mgonjwa huwa ni moja tu, mkulima, nalo si la uongo, kwani ndiyo kazi aliyorudia. Ila limeifuta miaka 15 ya duara.

6.0 Sheria na Kivuli cha Mwajiri

Historia ya sheria inaeleza kwa nini neno hilo moja lina uzito. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, Sura ya 263, ilisimama juu ya uhusiano wa bwana na mtumishi: aliyeumia alimdai aliyemwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliweka wajibu wa usajili wa mahali pa kazi na uchunguzi wa afya za wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilifuta ile ya kikoloni na kuunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu mgonjwa hakulazimika tena kupambana na mwajiri mmoja mmoja, bali alidai kwenye mfuko wa pamoja unaotunza pia magonjwa yatokanayo na kazi.

Lakini mfuko huo hujazwa na michango ya waajiri. Mchimbaji wa mgawo hana anayemchangia. Hata akiugua ugonjwa ambao sheria inautambua waziwazi, hana mlango wa kuingilia, kwa kuwa mlango umejengwa kwa ukubwa wa mwajiri. Saratani huongeza ugumu wa pili, nao ni muda. Ajali hutokea na kuonekana siku hiyohiyo, huku saratani ikija miaka 20 baadaye, wakati duara limefukiwa, mwenye leseni amefariki, na washirika wa mgawo wametawanyika.

Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliiwajibisha Tanzania baada ya kuuridhia mwaka 2020 kupunguza matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo. Mkataba huo unahusu zebaki, na vumbi halimo ndani yake. Ni jambo la kihistoria lenye funzo kwamba sumu iliyopata mkataba ni ile iliyokuwa na wagonjwa walioorodheshwa, huko Minamata, waliodai kwa majina yao tangu miaka ya 1950. Wagonjwa wa vumbi wa Geita hawajapata kuorodheshwa.

Kuandika, hata hivyo, si jambo linaloshindikana machimboni. Mwaka 2019 serikali ilianza kufungua masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Tangu hapo dhahabu inayouzwa hupimwa, huandikwa kwa gramu na jina la muuzaji, na mrabaha hukatwa. Mawe ya duara lilelile ambalo mchimbaji wake hana kumbukumbu yana kumbukumbu kamili ya uzito. Hoja kwamba sekta hii haiandikiki haina msingi tena. Inaandikwa vizuri pale ambapo kuna sababu ya kuiandika.

7.0 Kisesa: Daftari Lililokwisha Kuandikwa

Ushahidi wa pili kwamba jambo hili linawezekana upo jirani na makumbusho yenyewe. Mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tawi la Mwanza, pamoja na washirika wake, ilianzisha Kisesa utafiti wa ufuatiliaji wa jamii kuhusu virusi vya ukimwi. Wahojaji walipita kaya kwa kaya, wakaandika kila mkazi, kila aliyezaliwa, aliyehamia, aliyehama na aliyekufa, kisha wakarudi tena na tena kwa miaka mingi. Pale palipotokea kifo, ndugu wa marehemu walihojiwa kuhusu dalili zake, ili sababu ya kifo ikadiriwe hata kama hakufika hospitali.

Daftari la Kisesa lilibadilisha elimu ya ukimwi Afrika Mashariki. Lilionesha jinsi maambukizi yalivyopanda na kushuka katika jamii ya kawaida, wala si katika kliniki tu, na lilitoa nafasi ya kuona athari za uhamaji wa wanaume na wanawake wanaoondoka kutafuta riziki na kurudi. Jambo hilo la mwisho ndilo linaloihusu insha hii. Watu wa Kisesa hutoka na kurudi, na uhamaji huo ulishaingizwa katika maswali kwa sababu ulihusu njia za virusi. Kwa swali moja la nyongeza, yaani alipokwenda alifanya kazi gani na kwa miaka mingapi, daftari lililobuniwa kwa ajili ya ugonjwa wa kuambukiza lingeweza kuwa daftari la magonjwa ya kazi. Sensa za nchi za Ulaya ya Kaskazini nazo hazikubuniwa kwa ajili ya askari wa zimamoto.

Wapo watakaosema kwamba eneo moja la wakulima haliwezi kueleza machimbo yaliyo ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa idadi ya wachimbaji katika eneo moja la utafiti ni ndogo na saratani ya mapafu si ya kila nyumba. Lakini lina jibu. Mchimbaji hafuatiliki machimboni, kwa sababu machimbo huhama. Hufuatilika nyumbani, kwa sababu ndiko anakorudi kuugua. Daftari linalomfaa ni la mahali anapozikwa, likiunganishwa na rejista ya saratani ya hospitali ya rufaa na orodha ya wenye leseni na wauzaji wa masoko ya madini. Vipande vyote vitatu vipo kwa namna moja au nyingine. Havijakutanishwa.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba tofauti kati ya askari wa zimamoto aliyetambuliwa mwaka 2022 na mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa asiyetambuliwa haimo katika ukali wa sumu. Silika ilithibitishwa miaka 25 kabla ya kazi ya zimamoto, na kiwango chake katika maduara kimepimwa kuwa cha kutisha. Tofauti imo katika historia ya uandishi. Mgodi wa kampuni uliandika majina kwa ajili ya mshahara, duara la mgawo halikuwa na sababu ya kuyaandika, hospitali iliandika ukulima, sheria ilimtafuta mwajiri asiyekuwepo, na soko likaandika gramu.

Kwa watafiti, jambo hili lina maana ya kimbinu: historia ya kazi iwe sehemu ya lazima ya kila rejista ya saratani na kila mahojiano baada ya kifo katika ukanda huu, ikitaja kazi zote za maisha badala ya ile ya mwisho peke yake. Kwa watunga sera, lina maana kwamba fidia ya magonjwa ya kazi haina budi kupata chanzo kingine kisichokuwa mchango wa mwajiri, na mrabaha unaokatwa sokoni ni mahali panapostahili kuchunguzwa, kwa kuwa hapo ndipo jasho la mchimbaji huonekana kwa serikali kwa mara ya kwanza. Kwa wachimbaji wenyewe, maji ya kulowesha mwamba wakati wa kutoboa na kusaga hupunguza vumbi leo hii, bila kusubiri rejista yoyote.

Makumbusho ya Bujora yalijengwa kwa imani kwamba kazi ya mtu wa kawaida inastahili kukumbukwa. Imani hiyo ikichukuliwa kwa uzito wake wote, inadai zaidi ya jembe na nyundo. Inadai pia kwamba jina la aliyeshika nyundo, miaka aliyofanya kazi na maradhi yaliyomuua yaandikwe mahali ambapo mwingine, miaka 30 baadaye, ataweza kuyasoma.